Mlimau Usiozaa: Tusiukate Bado

Ndugu wanakikundi, mlimau wa nyuma ya nyumba ukikaa bila kuzaa, wengine wetu husema, "Huo ni dume, kata kuni." Ngojeni kwanza! Dume ni wa mpapai. Mlimau hauna dume wala jike. Hebu tuukague.

1. Ulitoka wapi? Uliopandwa kwa mbegu huweza kukawia miaka 5 au zaidi. Mche uliounganishwa huanza kuzaa miaka 2 au 3.

2. Inama uangalie shina. Machipukizi ya chini ya kiungo si ya limau ulilonunua. Yakiachwa humeza mti wote, ukabaki na miiba. Yaondoe yakiwa machanga.

3. Uko kivulini? Punguza matawi ya miti jirani, upate jua.

4. Maji. Udongo wetu mweusi wa Malili hutuamisha maji wakati wa mvua, na mizizi huoza. Chimba mtaro yatoke. Baada ya kiangazi, mvua ya Oktoba na Novemba huleta maua. Ikikatika mapema, vitunda hudondoka. Hapo mwagilia ndoo 2 kila wiki, na ufunike udongo kwa nyasi kavu, zisiguse shina.

5. Mbolea ya boma iliyooza, debe 1, mvua ikianza. Ukizidisha utavuna majani tu.

Tujadiliane: Ni milimau mingapi tumekata bure? Mkutano ujao tutembelee boma la mwenzetu mmoja, tukague shina pamoja. Panga libaki nyumbani.