Sauti Inanguruma? Usikimbilie Kununua Maiki Mpya

Kama unarekodi matangazo nyumbani kwa kompyuta, unajua salio la kazi huingia mteja akishasikiliza. Akisikia mngurumo nyuma ya sauti, hiyo pesa utaingoja sana. Kabla hujalipia maiki nyingine, hebu tujaribu hivi.

Chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mngurumo ukiisha, maiki haina makosa. Shida ni stima. Stima ya Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde. Laptopu na miksa zikichomekwa kwenye soketi tofauti, waya zao za athi hufanya mzunguko unaoleta mngurumo huo ndani ya sauti. Chomeka zote kwenye ekstensheni moja. Waya ya sauti nayo isilale kando ya waya ya stima. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Kuna watu watakuambia ukate ile pini kubwa ya plagi. Tafadhali usikate. Kelele inaweza kuisha kweli, lakini hiyo ndiyo pini ya athi: siku miksa ikipata hitilafu, stima itapitia kwako.

Na ile ti-ti-ti inayosikika kwa spika kabla tu ya ujumbe wa malipo kuingia? Hiyo ni simu yako ikiwasiliana na mnara, hasa ikiwa kwenye 2G. Isogeze mita mbili hivi, au iache chumba kingine ukirekodi. Usiizime tu, salio liko njiani.