Programu imezeeka: tuwaachie waprogramu wa kujitolea?

Kampuni yetu ina programu ya zamani ambayo bado inatumika, ila hatuna mtu wa kuihudumia. Tuikabidhi kwa jamii?

Kabidhini, mradi wapo watu ambao kazi zao zitakwama ikifa. Hao ndio watakaoihangaikia. Blender, programu ya kutengeneza katuni, iliokolewa hivyo. Kampuni ya Uholanzi iliyoimiliki ilifungwa mwaka 2002, na wawekezaji wake wakakubali kuuachia msimbo kwa yuro 100,000. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, aliwaomba watumiaji wachange. Fedha zilitimia ndani ya wiki saba, na Oktoba 13 mwaka huohuo msimbo ukawa huria. *Flow*, filamu ya katuni iliyoshinda Oscar mwaka 2025, imetengenezwa kwa Blender.

Basi tuuweke tu msimbo hadharani?

Usafisheni kwanza. Netscape ilipotoa msimbo wa kivinjari chake Machi 1998, ililazimika kuondoa sehemu zilizokuwa mali ya kampuni nyingine. Uliobaki ulikuwa mgumu kiasi kwamba sehemu kubwa iliandikwa upya. Firefox 1.0, iliyotokana na kazi hiyo, ilitoka Novemba 2004. Andikeni pia maelezo ya jinsi programu inavyojengwa, maana mengi yamo kichwani mwa fundi mmoja anayekaribia kuondoka.

Funguo tumpe nani?

Hapa ndipo ninapowasihi msiharakishe. Mwaka 2018 mwenye event-stream, kifurushi kidogo cha msimbo kilichopakuliwa mara mamilioni, alikuwa amechoka kukitunza bila malipo. Mtu asiyemjua akamwandikia akijitolea kusaidia, naye akampa haki ya kutoa matoleo mapya. Mgeni huyo akapenyeza msimbo wa kuiba Bitcoin za watumiaji wa pochi ya kidijitali ya Copay. Simlaumu aliyechoka, waliofaidika na jasho lake ndio walipaswa kumsaidia mapema. Lakini anayetaka funguo na alete kazi kwanza: arekebishe hitilafu, kazi yake ikaguliwe miezi kadhaa, na haki ya kutoa matoleo ishikwe na zaidi ya mtu mmoja.

Na asipojitokeza mtu?

Tangazeni tarehe ya kuifunga, muwape watumiaji njia ya kuhamisha data zao, kisha mfunge. Programu isiyo na mtunzaji, iliyoachwa wazi kwenye kompyuta za watu, ni hatari kuliko iliyofungwa.