Laptop ya gigabaiti 32

SWALI: Laptop yangu ndogo ina RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 32. Windows imeijaza, haisasishiki tena. Naweza kuweka Linux? – Mwalimu, Makanyagio, Mpanda

JIBU: Unaweza, na mimi ningechagua Linux Mint ya Xfce. Inataka gigabaiti 20, kwa hiyo usihangaike kuziweka mbili pamoja, Windows itoke. Faili lake linakaribia gigabaiti 3, basi nunua bando la usiku, kisha uliandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kulinakili tu hakutoshi.

Washa laptop huku ukigonga F9 au F12, kutegemea kampuni, uijaribu Mint kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinisha. Hapo utaona kama Wi-Fi inashika. Isiposhika, chomeka simu kwa waya wa USB, ugawe intaneti, upakue draiva.

Mitihani na picha zihamishe kwanza. Usakinishaji unafuta kila kitu. Na umeme wetu unaujua: chaji betri ijae.

Nyaraka za Word utaziandika kwenye LibreOffice. (OpenOffice, mtangulizi wake, ilipata toleo la Kiswahili, Jambo, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004.) Ila kama kazini wanadai majedwali ya Excel yenye makro, baki na Windows.