Kuchagua Programu ya Kufasiria: Maswali na Majibu ya Marudio

Kwa mwanafunzi wa tafsiri anayejiandaa kwa mtihani na anayekusudia kujiajiri baadaye.

Swali la 1. Tofautisha programu saidizi ya tafsiri na tafsiri ya mashine.

Wengi hupoteza alama hapa kwa kueleza Google Translate tangu mwanzo hadi mwisho. Tafsiri ya mashine hutoa matini lengwa yenyewe. Programu saidizi haifasiri. Huigawa matini chanzi katika vipande, kwa kawaida sentensi, humwachia mfasiri aandike tafsiri kando ya kila kipande, kisha huhifadhi jozi hizo kwenye kumbukumbu ya tafsiri. Sentensi ileile au inayoikaribia ikijitokeza tena, hata baada ya miaka miwili, programu huleta tafsiri ya zamani mfasiri aamue. Ukitaka alama ya ziada, mtaje Martin Kay wa Xerox, ambaye mwaka 1980 alipendekeza mashine imsaidie mfasiri hatua kwa hatua badala ya kuchukua nafasi yake. Siku hizi programu nyingi saidizi huunganishwa na mashine, lakini kazi za hizo mbili zisichanganywe.

Swali la 2. Eleza kwa ufupi historia ya programu hizi na funzo lake kwa mnunuzi.

Trados ilianzishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1984. SDL ikainunua mwaka 2005, na SDL nayo ikanunuliwa na RWS mwaka 2020. Wordfast ilibuniwa na Yves Champollion mwaka 1999, OmegaT na Keith Godfrey mwaka 2000. Kilgray, waliotengeneza memoQ, walianza Hungaria mwaka 2004.

Usiishie kwenye miaka. Kampuni huuzwa, bei hubadilika, leseni ya kudumu hugeuzwa kuwa malipo ya kila mwaka. Kilichodumu ni TMX, muundo wa faili wa kubadilishana kumbukumbu kati ya programu na programu, uliotolewa mwaka 1998 chini ya chama cha LISA. Chama chenyewe kilifungwa mwaka 2011, lakini TMX inafunguka hadi leo karibu kila mahali. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu ipi ni bora, mfasiri aulize kumbukumbu yake itatokaje humo siku akihama.

Swali la 3. Mfasiri anaanza kazi, hana mteja wa kudumu wala mtaji. Mshauri.

Aanze na OmegaT. Ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti muda wote, jambo la maana kwa anayenunua bando na anayekatikiwa umeme. Kila mradi ni folda yenye vyumba vyake: matini chanzi, matini lengwa, kumbukumbu, faharasa ya istilahi. Mfasiri akizalisha tafsiri, faili za TMX hutoka papo hapo bila kuombwa. Sura yake haipendezi, nakubali, na faili za zamani za Word zenye kiishio .doc lazima zigeuzwe kwanza, kazi ambayo LibreOffice huifanya bila malipo.

Ila mtahini anaweza kukutega: vipi kama riziki yake ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na hukumu zilizopigwa picha? Hapo programu hizi hazimfai sana, kwa sababu picha haina maandishi ya kugawa vipande. Violezo vizuri vya Word vitamtosha.

Swali la 4. Kampuni ya tafsiri inadai mfasiri atumie Trados. Je, ni lazima ainunue?

Si lazima. Kwanza aulize ni programu wanayoitaka au ni aina ya faili. memoQ, kwa mfano, hupokea vifurushi vya Trados na kuvirudisha. Pili aulize kama mteja ana leseni ya kuazima: kampuni zenye seva ya memoQ zinaweza kumwazima mfasiri leseni kwa muda wa kazi, na kwenye majukwaa kama Phrase mfasiri mara nyingi hufanya kazi ndani ya akaunti ya mteja. Ubaya wake ni kwamba kazi ikiisha mlango hufungwa na kumbukumbu hubaki upande wa mteja. Anunue pale tu kazi zilizokwisha kuahidiwa kwa maandishi zinapoweza kurudisha gharama. Ahadi ya mdomo kwamba “kazi zipo nyingi” haijawahi kulipa ankara ya mtu.

Swali la 5. Kazi ina maneno 6,000: mapya 3,000, yaliyo katika vipande vinavyofanana na vya zamani 1,000, na marudio kamili 2,000. Mteja analipa asilimia 100, 60 na 25 kwa mfuatano huo. Bei ni shilingi 100 kwa neno. Kokotoa malipo, kisha ujadili kama ni ya haki.

300,000 + 60,000 + 50,000 = shilingi 410,000, badala ya 600,000.

Ukokotozi ni rahisi. Alama ziko kwenye mjadala. Kufanana hupimwa kwenye matini chanzi, yaani mara nyingi kwenye Kiingereza. Tuseme sentensi ya zamani ilifasiriwa “Kitabu kipya kimefika”, na sasa kitabu kimekuwa barua. Katika Kiingereza neno moja tu limebadilika, na programu itatangaza kwamba vipande vinafanana sana. Katika Kiswahili ni “Barua mpya imefika”: ngeli imebadilika, na hakuna neno hata moja lililobaki kama lilivyokuwa. Mteja ameomba punguzo kwa kazi ambayo mfasiri ataifanya upya. Hoja hii ni halali kabisa mezani, na asilimia 60 ijadiliwe kwa mfano wa namna hii.

Kinyume chake pia kipo. “Hawatatuambia” ni neno moja. Kiingereza chake kina maneno matano. Anayefasiri kutoka Kiswahili akikubali kuhesabiwa maneno ya matini chanzi kwa bei ileile, amejipunja. Adai hesabu ya matini lengwa au bei ya juu zaidi.

Swali la 6. Kwa nini faharasa ya istilahi husumbua Kiswahili kikiwa chanzi?

memoQ, kwa mfano, huweza kulitambua neno kwa mwanzo wake na kuusamehe mwisho. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mkataba, mikataba. Kwa hiyo ingiza umoja na wingi wa kila istilahi.

Swali la 7. Taja tahadhari za usiri.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ripoti ya hospitali isibandikwe kwenye mashine ya bure mtandaoni. MateCat, programu saidizi ya mtandaoni, nayo ni ya bure na ni nzuri, ila huunganishwa na MyMemory, kumbukumbu ya pamoja ya umma. Tengeneza ufunguo wa kumbukumbu yako binafsi kabla ya kupakia chochote.

Swali la 8. Ni jaribio gani lifanywe kabla ya kulipa?

Trados na memoQ hutoa muda wa kujaribu bure. Usiumalizie kwenye vitufe. Chukua kazi uliyokwisha kuikabidhi, isiyo na siri, yenye majedwali na tanbihi. Fasiri humo tena kurasa zake chache, toa faili lengwa, uifungue kwenye Word uone kama majedwali yamesalimika. Kisha toa kumbukumbu kwa TMX, uifungue kwenye OmegaT, na uhesabu vipande. Vikipungua bila maelezo, usilipe.