Zeituni, Shea na Goti la Mchezaji

Siku hizi wachezaji huambiwa kwamba mafuta ya zeituni hurudisha nguvu baada ya mechi na kuzuia majeraha. Kwa kijana wa Ludara, huku West Nile, Uganda, chupa hiyo ni ghali, na sehemu kubwa ya kilichomo anacho nyumbani katika mafuta ya shea. Asidi ya oleiki, ambayo ndiyo mafuta makuu ya zeituni, huzidi nusu ya mafuta katika shea ya West Nile. Ndiyo maana shea yetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kijiko kimoja au viwili kwenye mboga za majani humsaidia mchezaji kupata vitamini A ya mboga hizo, na kila gramu humpa kalori 9.

Mtu anaweza kupinga kwamba zeituni ina kitu ambacho shea haina. Ni kweli. Mwaka 2005 mwanasayansi Gary Beauchamp na wenzake walieleza kwamba oleokanthali, ile inayowasha koo, hufanya kazi kwa njia ya ibuprofeni, dawa ya maumivu. Lakini kwa hesabu yao wenyewe, gramu 50 za zeituni isiyosafishwa kiwandani, yaani karibu vijiko vinne vya chakula, ni kama sehemu ya kumi tu ya dozi ya dawa hiyo kwa mtu mzima. Ile iliyosafishwa, ambayo ndiyo rahisi kidogo, hubaki na oleokanthali kidogo zaidi. Wengine wanaogopa shea kwa kuwa huganda. Kinachoigandisha hasa ni asidi ya steariki, ambayo haipandishi lehemu mbaya kama mafuta mengine yanayoganda.

Kuhusu majeraha, hakuna mafuta yanayoshika nafasi ya kupasha mwili moto. Utafiti wa wasichana wa soka nchini Norway, uliochapishwa 2008, uliona majeraha yakipungua kwa karibu theluthi kwa mazoezi ya dakika 20 tu: kukimbia, kuruka na kutua vizuri, kuimarisha mapaja na kiuno. Hayauzwi popote. Misuli iliyochoka nayo hujengwa na usingizi, maharage na dagaa. Mafuta ni msaidizi. Na kifundo cha mguu kikivimba, kisikandwe kwa shea wala kwa zeituni siku hiyo. Mchezaji akishindwa kukanyaga hatua nne, apelekwe kituo cha afya, huenda mfupa umevunjika.