DS Moja au DS Tatu? Tuhesabu Mauzo ya Gemu

Wanachuo wenzangu, mnaojiandaa kwenda fildi chukueni hii. Nilipokuwa Maposeni, somo la takwimu lilinoga zaidi banda la gemu kuliko darasani. Vijana walikuwa wanabishana: mashine gani imeuzwa kuliko nyingine? Kila mtu na namba yake, lakini hakuna aliyeuliza "mashine moja" ni ipi.

Tuchukue Nintendo DS. Ile ya kwanza, ya mwaka 2004, iliuzwa milioni 18.79. DS Lite, milioni 93.86. DSi pamoja na kubwa yake, DSi XL, milioni 41.37. Jumla milioni 154.02. Sasa itoe DSi, maana ina gemu chache ambazo DS ya kwanza haichezi, na haina tundu la kaseti za Game Boy Advance. Zinabaki milioni 112.65, na hapo hapo PlayStation 4, yenye zaidi ya milioni 117 ukijumlisha Slim na Pro, inapita mbele. Hakuna mashine iliyorudishwa dukani. Kanuni tu ndiyo imebadilika.

Mimi napima kwa gemu zenyewe. Toleo jipya likicheza gemu zilezile, hao ni ndugu wa tumbo moja, wajumlishe. PlayStation 2 nene na ile nyembamba hazina mjadala. DSi ningeiweka ndani, ila ningeandika chini ya jedwali kwamba nimeiweka.

Halafu mauzo si watu. Aliyenunua DS, kisha DS Lite, yumo mara mbili. Kwetu ni kinyume: mashine ya mtumba ilihesabiwa siku ilipouzwa mpya huko ilikotoka, na sasa watoto wa mtaa mzima wanapanga foleni kwenye pedi mbili. TCRA nao huhesabu laini. Mwenye laini tatu ni mmoja, lakini kwenye jedwali ni tatu.

Kesho sisi ndio tutakaojaza fomu ya shule: kompyuta ngapi? Ukichanganya nzima na zile zilizokufa stoo, karatasini shule yako haina shida, na wenye kugawa kompyuta watapita. Mimi darasani nilianza na simu: nyumbani kwenu ziko ngapi? Nusu ya kipindi iliishia kwenye ile iliyopasuka kioo lakini bado inapokea.