Vidonge vya Damu na Mengine Niliyojifunzia Atlabara

Najua wapo kati yenu mnaojiandaa kuvuka mpaka wa Nimule na shehena ya kwanza, mkafungue duka la dawa Juba. Biashara ipo. Vitamini na madini hununuliwa bila cheti cha daktari, na mteja huzitaka akiwa mgonjwa au mzima. Mimi nimeuza Atlabara, mtaa wa hapo Juba, mpaka mvi zimenitoka. Haya ndiyo ningependa kuambiwa nilipofungua kontena langu, enzi hizo nilipojiona bingwa kwa sababu tu wateja waliniita daktari.

1. Hesabu chuma chenyewe

Fundi mmoja wa ujenzi kutoka Kisumu alikuja na mkewe mjamzito, akataka "ile kali ya kuongeza damu." Rafuni palikuwa na pakiti mbili, moja imeandikwa miligramu 200, nyingine 300. Nikampa ya 300, nikamtoza zaidi, na mawaidha juu.

Baadaye nikasoma maandishi madogo. Ile ya 200 ilikuwa feri salfeti iliyokaushwa, yenye chuma chenyewe miligramu 65 hivi. Ile ya 300 ilikuwa feri glukoneti, na chuma chake ni 35 tu. Uzito uliobaki ni wa kemikali iliyoungana na chuma, na hiyo haiongezi damu hata tone. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku, na linahesabu chuma tupu. Kalsiamu nayo ina mchezo huohuo: kwenye kaboneti ni asilimia 40 ya uzito, kwenye sitreti ni 21. Ukiulizwa ipi kali, geuza pakiti kwanza.

2. Kidonge hakikai peke yake tumboni

Taifodi Juba haikosi. Kijana wa bodaboda alirudi dukani akiwa bado anachemka baada ya siku kadhaa za siprofloksasini. Alisema dawa ni feki. Mimi nami sikuchelewa, nikampigia msambazaji wa Kampala na kumfokea. Kisha nikamuuliza kijana anazimezaje. "Na ile multivitamini uliyonipa bure, daktari. Zote pamoja, asubuhi."

Ukarimu wangu ndio uliokuwa ukimhujumu. Chuma, zinki, kalsiamu na magnesi hushikamana na siprofloksasini, na muungano huo haupenyi vizuri kwenye ukuta wa utumbo. Antibayotiki nyingi huishia chooni pamoja na vitamini. Imezwe saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake. Doksisiklini pia haipatani nayo.

Chai ya rangi ya wale akina mama wa kando ya barabara haijengi damu pia, kwani tanini zake hukamata chuma kabla mwili haujakipata. Ukiuza vidonge vya damu, waambie watu wasubiri kidogo kabla ya kikombe. Ndimu juu ya maharage ni jambo jingine: vitamini C hukigeuza chuma kuwa katika hali ambayo utumbo unakipokea kwa urahisi.

3. Uliza malaria kabla ya chuma

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na lilinifikia kupitia Mzanzibari mmoja aliyekuwa akifanya kazi Juba na shirika la misaada. Alinikuta nikimfungia mama chupa ya sirapu ya chuma kwa ajili ya mtoto "aliyepauka." Akasubiri mama aondoke. "Mzee wangu, mtoto yule amepimwa malaria? Hukusikia ya Pemba?"

Sikuwa nimesikia. Pemba, watafiti waliwagawia watoto wa mwezi 1 hadi 35 chuma na asidi foliki kila siku, wakitarajia kuwaokoa. Watoto waliohusika walizidi 24,000. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet. Waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali. Vimelea vya malaria na bakteria nao wanahitaji chuma ili wakue.

Lakini msikimbie na nusu ya habari, kama nilivyofanya nilipoficha sirapu zote chini ya kaunta. Katika utafiti huohuo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli, na ambao malaria yao ilifuatiliwa na kutibiwa, walinufaika. Kwa hiyo kwenye eneo la malaria chuma kwa watoto hutolewa bega kwa bega na kinga, vipimo na matibabu ya malaria.

Asidi foliki ina ugomvi wake. Sulfadoksini-pirimethamini, ile SP wanayopewa wajawazito kliniki, hufanya kazi kwa kumnyima kimelea cha malaria foleti. Ukimuuzia mama huyohuyo kidonge cha foliki cha miligramu 5, unamlisha adui aliyefungiwa chakula. Kipimo cha miligramu 0.4 hakina shida hiyo.

4. Vyekundu vitamu

Vidonge vingi vya damu vina ganda jekundu la sukari. Mtoto wa kilo 10 akimeza kumi vya miligramu 65 amepata miligramu 65 kwa kila kilo. Dalili za sumu huanza kwenye 20, na kuanzia 60 hali ni ya hatari. Sivimimini tena kwenye bahasha ya karatasi. Kama huna chupa ya kifuniko kigumu, uza vya pakiti za kubonyeza.

5. Joto linakula bidhaa

Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto. Shule zilifungwa; kontena langu la bati lilibaki wazi, na pakiti nyingi ndani yake zimeandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 30."

Vitamini C huharibika kwa joto, unyevu na hewa. Vile vidonge vya kutoa povu vina asidi sitriki na bikaboneti ya soda, ambazo huanza kuungana zikipata unyevu kidogo tu. Ndiyo maana kifuniko chao kina chembe za kukausha. Anayeviuza kimoja kimoja huacha kifuniko wazi mchana kutwa. Niliwahi kufungua mrija nikakuta vidonge vimevimba, vina madoa ya kahawia na vimegandana. Siku hizi naagiza kidogo kidogo, napanga vitamini C rafu ya chini mbali na ukuta wa magharibi, na boksi lililokaa wiki nzima juani Nimule likisubiri ushuru nalirudisha, hata msambazaji akinuna.